Makumbi Ndani ya Tuta

Sehemu ya Tisa

Mkono wa Mwatum binti Jecha bado umo tunduni. Hapo ndipo tulipomwacha Ijumaa iliyopita: amelala kifudifudi kwenye tope chini ya tuta la bwawa la Kipwaleni, bega limegusa udongo, vidole vimeshika kitu asichokiona, na nyuma yake sauti ya mwanamume inamwambia, "Toa mkono wako humo."

Hakuutoa.

"Nimesema toa!"

"Nimekusikia, Pandu. Ngoja nimalize."

Alivuta. Kitu kile kiligoma, kikalegea, kikaja. Mwatum akainuka akiwa mweusi wa tope kutoka shingoni hadi magotini, akafungua kiganja mbele ya macho ya mnyapara.

Kumbi la nazi.

Pandu alilitazama kama mtu aliyeonyeshwa jino lake lililong'oka.

"Kaa kaliingiza," alisema.

"Kaa gani huyo? Ana mikono mingapi?"

"Basi panya."

"Umeanza na kaa, sasa panya. Ukifika kwenye ng'ombe niambie."

Mwatum alilikamua. Ganda likabaki upande mmoja, nyuzi upande wa pili, na katikati ukatoka uji wa kahawia uliomchuruzika hadi kiwiko. Hakuwa na haja ya kuunusa. Kwa miaka ishirini na minane Mwatum alikuwa amefukia makumbi kwenye tope la pwani ya Kiuyu, akayafukua, akayapiga kwa rungu akapata usumba, akasokota kamba. Alilijua kumbi la mwezi mmoja, la miezi mitatu, la miezi sita. Hili lilikuwa limefukiwa miezi saba.

Tuta la Kipwaleni lilikuwa na umri wa miezi saba.

Lilijengwa mwishoni mwa mwaka 1942, meli za mchele kutoka Bama, ng'ambo ya Bara Hindi, zilipoacha kuja kwa sababu ya vita na serikali ikataka kila bonde la Pemba lilimwe mpunga. Watu wa Kipwaleni walilijenga kwa msaragambo, kila nyumba na kipande chake, pakacha baada ya pakacha, na Pandu akiwasimamia. Amri ilikuwa udongo wa mfinyanzi mtupu, kila tabaka likanyagwe kwa miguu hadi ligande. Makumbi hayakutajwa popote.

"Mmetia makumbi mangapi humu?" Mwatum aliuliza.

"Kuna kumbi moja tu, na limo mkononi mwako. Litupe, ukaoge. Unanuka."

"Nanuka kazi yangu. Weye unanuka chokaa."

Ni kweli alinuka chokaa. Juu ya tuta wanaume watatu walikuwa wakipaka mawe rangi nyeupe, jiwe moja kila baada ya hatua mbili, kwa sababu Alhamisi Mudiri, mkuu wa serikali wa wilaya, angekuja kutoka Wete na Bwana Mkubwa kutoka Unguja, wasimame pale juu watazame bwawa lililojaa. Siku ile ilikuwa Jumanne. Maji yalikuwa yamebakisha shubiri mbili kufika kwenye mawe meupe, na mlango wa maji ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli tangu wiki tatu nyuma.

Pandu aliinama, akafinyanga tonge kubwa la udongo na nyasi, akalishindilia tunduni kwa kisigino. Mchirizi wa maji uliokuwa ukitoka humo ukakatika.

"Umeona? Nimeziba."

"Hukuziba kitu. Umeyafungia maji mlango wa kutokea, na wa kuingilia uko wazi. Yatatafuta kwengine."

"Weye mwanamke, unajua kamba. Mie najua tuta."

"Basi niambie chini ya tuta lako kuna nyumba ngapi."

Pandu aliinama kujipangusa udongo kisiginoni.

"Kumi na moja," alisema Mwatum. "Na ya mwisho kabisa yumo mwanangu Moza, na mtoto wa siku tisa."

* * *

Alipitia nyumbani kuchukua pakacha lake, akaenda moja kwa moja kwa sheha.

Mzee Jaribu, sheha wa Kipwaleni, alikuwa barazani kwake na Mansukhlal, Mhindi mwenye duka na kiwanja cha kukaushia mbata. Mansukhlal alikuwa ameleta sukari na iliki za chai ya wageni, na sheha alikuwa akiipima ile sukari kwa macho, maana siku zile sukari ilikuwa adimu kuliko mvua ya kaskazi.

"Sabalkheri, Mzee Jaribu. Sabalkheri, Bwana Mansukhlal."

"Sabalkheri, Bi Mwatum. Mbona umejaa tope? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Ninakuja kukuambia nini kitaanguka."

Alitoa kwenye pakacha chupa tatu kuukuu za mafuta ya taa, sasa zimejaa maji, akazipanga juu ya baraza.

"Hii ya Jumapili. Hii ya jana. Hii ya leo. Nimekinga kwenye tundu moja, wakati mmoja, baada ya sala ya alfajiri. Tazama mwenyewe, mie sisemi."

Maji ya chupa ya kwanza yalikuwa meupe, safi. Ya pili kama maji yaliyooshewa mchele. Ya tatu ilikuwa na udongo kitakoni, unene wa vidole viwili.

"Tuta kuvuja maji meupe si ajabu, Mzee Jaribu. Hilo linatoa jasho tu. Likitoa udongo, linajitoa lenyewe."

"Umesomea wapi mambo ya mabwawa, Bi Mwatum?"

"Pwani." Akaweka lile kumbi kando ya chupa. "Na hili nimelitoa ndani, urefu wa mkono mzima. Bwawa lenu mmelijenga kwa makumbi."

Sheha hakulishika. Alilisogeza kwa ncha ya bakora, kidogo kidogo, kama anayesogeza mavi ya paka. Kisha akasema neno ambalo Mwatum hakulitarajia.

"Hata kama yamo, kuna ubaya gani? Usumba hauozi."

Mwatum alimtazama.

"Kamba ya usumba inakaa baharini miaka," aliendelea sheha, upole ukimzidi. "Kila mvuvi anajua. Babangu mie aliacha nanga imefungwa kamba ambayo mpaka leo—"

"Kwa hiyo ulijua."

Sheha akaangalia sukari.

"Ulijua yamo, Mzee Jaribu. Na ndiwe uliyetia kidole gumba kwenye karatasi ya serikali kwamba ni udongo mtupu."

"Mvua za vuli zilikuwa zimefika! Udongo wa mfinyanzi uko mbali, watu wamechoka, tarehe imewekwa. Pandu akasema makumbi yanashika tope, na tena hayaozi. Watu wote wakakubali. Hakuna aliyepinga!"

"Wote nani?"

"Wote. Wanaume wote wa msaragambo."

Sauti ya Mwatum haikupanda. Wale waliomjua wangejitenga kidogo kwa sababu hiyo hiyo.

"Mlikuwa wanaume thelathini. Hakuna mmoja wenu ambaye hana mke, au mama, au dada anayefukia makumbi. Mnawaona wanakwenda pwani, mnawaona wanarudi. Mnakula kwa kamba hizo. Na katika watu thelathini hamkupata hata mmoja wa kwenda nyumbani kuuliza: je, kumbi likikaa ndani ya tope linakuwaje?"

"Usumba—"

"Usumba hauozi! Kumbi linaoza! Lisingeoza tungeupata wapi huo usumba? Siye tunalifukia lioze, nyama yote iondoke, zibaki nyuzi. Ndiyo kazi yetu. Mmechimba shimo la makumbi refu kuliko yote Pemba, mmelijaza, mmelilowesha miezi saba, halafu mkaweka maji ya bonde zima juu yake. Sasa yameiva. Hongereni!"

Mansukhlal alijikohoza.

"Samahani, Sheha. Hayo makumbi ni ya kwangu."

Wote wawili wakamgeukia.

"Mwaka jana Pandu alikuja kiwanjani kwangu na magari ya ng'ombe. Alichukua lundo zima, lililokuwa limepita kimo cha mlango. Siku tatu alibeba. Mie nilishukuru, maana lilikuwa na nge. Nikamuuliza, ya nini yote haya? Akaniambia ya kuchomea chokaa. Chokaa ya kupaka mawe, basi, nikadhani. Mwenye kiwanja ni mie, lakini nyumba yangu iko Wingwi, juu. Zile nyumba kumi na moja za bondeni haziko juu."

"Siku tatu?" Mwatum aliuliza. "Magari mangapi?"

"Mawili. Asubuhi mpaka magharibi."

Mwatum alihesabu kimyakimya. Halikuwa tundu moja. Lilikuwa tuta zima.

"Nataka mlango wa maji ufunguliwe leo," alisema. "Kidogo kidogo, maji yateremke taratibu kwenye mfereji. Kesho jioni bwawa litakuwa nusu, na nusu halina nguvu ya kuua mtu."

"Na Alhamisi nimwonyeshe nini Bwana Mkubwa? Tope?"

"Mwonyeshe watu walio hai."

"Hana haja ya kuonyeshwa kitu na huyu," ilisema sauti kutoka uani.

Pandu alikuwa amewafuata. Aliingia bila hodi, kofia mkononi, na uso wake ulikuwa na utulivu mbaya wa mtu aliyepata jibu njiani.

"Amekuambia makumbi yamo, Sheha. Yamo, sikatai tena. Lakini muulize kumbi lake amelitoa kipande gani."

"Kipande ni kipande," alisema Mwatum.

"Sivyo. Kila nyumba ilijenga hatua zake kumi, na vigingi vipo. Tundu lile liko kipande cha sita. Kipande cha sita ni cha nani, Bi Mwatum?"

Mwatum alikuwa anajua. Cha sita kilikuwa chake.

"Mwenyewe hakutia hata pakacha moja," Pandu alisema. "Alikuwa Kiuyu na makumbi yake. Aliyemjengea ni mkwewe, Ahmada. Mume wa Moza. Mikono iliyoshindilia makumbi pale ni ya Ahmada. Serikali iko vitani, anayeharibu kazi ya chakula anafungwa. Haya, kachimbeni. Mtaanza na kipande chake, mtampata mkwewe. Na mtoto wa siku tisa atakwenda kumtazama babake jela ya Wete."

Sheha alikuwa amesimama. Mansukhlal alishika kifuko chake cha iliki kwa mikono miwili.

Mwatum alizirudisha chupa kwenye pakacha, moja baada ya moja, akihakikisha vizibo.

"Basi na tuanze na changu," alisema.

* * *

Walichimba kwenye kigingi cha sita, upande mkavu, juu kabisa, mbali na maji. Mwatum mwenyewe alishika jembe. Dhiraa moja ya udongo mzuri, mwekundu, mgumu. Kisha jembe likaingia kama kwenye wali.

"Tia bakora yako hapo, Mzee Jaribu."

Sheha aliitia. Ilishuka. Akaisukuma, ikashuka tena. Ikaenda hadi mpini, na mpini ukagusa udongo, na ncha yake chini huko haikugusa kitu.

Hakuna makumbi yaliyobaki pale. Kulikuwa na nafasi tu, na humo ndani maji yalikuwa yakisema.

Mzee Jaribu alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Aliposimama, midomo ilikuwa myeupe.

"Fungua mlango, Pandu."

"Siwezi."

"Mie ndiye sheha! Fungua!"

"Ufunguo sinao. Nimeupeleka Wete tangu jana, kwa Mudiri. Nilijua kuna watu watataka kuchezea maji kabla ya Alhamisi." Alimtazama Mwatum. "Wa kwanza wao nilimjua kwa jina."

Kwenda Wete na kurudi, kwa njia zile za Wingwi zilizojaa tope la masika, ilikuwa kazi ya mchana mzima na usiku. Kuuvunja mlango kwa mitarimbo kungeyaachia maji yote kwa mkupuo.

Mwatum hakumtukana. Alikuwa na matusi ya kutosha, ila yangekula muda. Aligeuka akatazama ncha ya mashariki ya tuta, pale lilipoishia kwenye jiwe kubwa la mwamba.

"Pale pana jiwe," alisema. "Maji hayali jiwe. Tutachimba mfereji mwembamba upitie juu ya jiwe, uzunguke tuta, umwagikie gengeni, kwenye korongo lisilo na nyumba. Hautamdhuru mtu. Mzee Jaribu, piga mbiu. Wote, wanawake na wanaume. Na nyumba zote kumi na moja zihame sasa hivi."

Na sheha, ambaye kwa miaka kumi na tano alikuwa akitoa amri, alikwenda mbio kutimiza amri.

Walikuja. Wanawake wa usumba ndio waliotangulia, kanga zimefungwa kiunoni, wengine na marungu yao ya kupigia makumbi kwa kukosa jembe. Mwatum aliwaonyesha kumbi moja tu. Hakuna aliyeuliza swali. Mmoja alilinusa, akalitemea mate, akamgeukia mumewe mbele za watu.

"Hivi ndivyo mlivyojenga? Na mie niko nyumbani, nimekaa, nina mdomo?"

"Pandu alisema—"

"Pandu amekuoa? Chimba!"

Pandu alisimama mbele ya jiwe akanyoosha mikono. "Anayetia jembe hapa ataandikwa jina!"

"Niandike mie kwanza," ilisema sauti.

Alikuwa Ahmada. Kijana mrefu, mkimya, wa kazi. Alikuwa ametoka shamba, akapitia nyumbani, na tope la mpunga lilikuwa halijamkauka miguuni. Alipita mbele ya Pandu kama anayepita mbele ya mgomba, akaenda hadi kwa mkwewe, akasimama kichwa chini.

"Mama. Kipande cha sita nilikijaza mie."

"Najua."

"Niliambiwa hayaozi."

"Najua. Na hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Hilo tutazungumza siku nyengine, na sitakuwa mpole. Moza yuko wapi?"

Ahmada alinyoosha mkono bondeni. Nyumba kumi zilikuwa zimeshahama. Watu walikuwa mlimani na vyungu na mbuzi na mikeka. Ya kumi na moja haikuhama. Mamake Ahmada, Bi Mwanawema, alikuwa amekaa mlangoni na kusema mzazi hatoki ndani kabla ya arubaini. Hakutoka yeye, hakutoka mamake, na Moza hatatoka kwa maneno ya mpiga makumbi. Mzazi akitoka nje na siku tisa, upepo utamwingia, na mtoto pia.

Mwatum aliyaheshimu mambo ya arubaini. Yeye mwenyewe alikaa zake ndani, siku arubaini kamili, kwa kila mtoto. Lakini siku ile hasira yake ilifika mahali pa kutulia kabisa.

"Rudi. Mwambie mamako hivi: upepo una dawa, maji hayana. Akikataa, usibishane naye, ni mamako. Ingia ndani, mfunike Moza mashuka yote yaliyomo, mtoto kifuani kwake, umbebe mgongoni. Uliyebeba makumbi unaweza kumbeba mkeo."

"Nipite wapi? Majaruba yamejaa. Nikiwa na mzigo nitazama hadi mapajani."

Alikuwa sahihi. Kulia na kushoto ulikuwa mpunga katika tope lisilo na kitako. Pagumu palikuwa mahali pamoja tu, ndani ya mfereji mkuu unaoanzia kwenye mlango wa maji na kupasua bonde katikati. Kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa wiki tatu, mfereji ulikuwa mkavu, kitako cha changarawe. Kutoka nyumba ya Moza hadi kwenye ngazi za kupandia mlimani zilikuwa hatua mia nne.

"Pita kwenye mfereji," alisema Mwatum. "Usisimame."

Ahmada alikimbia.

* * *

Walichimba. Hakuna aliyeimba, ingawa msaragambo bila wimbo ni jambo lisilozoeleka. Mansukhlal alivua koti akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe moja jeupe, akashika karai. Mzee Jaribu alichimba na kanzu yake. Pandu peke yake alibaki juu ya tuta karibu na mlango wa maji, hatua themanini kutoka kwao, akitembea huku na huku.

Saa kumi kasorobo mfereji mpya ulikuwa umebakisha hatua sita kufika majini.

Mwatum alisimama kunyoosha mgongo. Akatazama maji ili akadirie kina. Akatazama tena.

Mvua iliyoanza adhuhuri haikuwa imekatika. Maji yalipaswa kupanda. Badala yake, kuzunguka ukingo wote wa bwawa kulikuwa na mkanda wa tope bichi linalong'aa, upana wa kiganja, mahali palipokuwa na maji dakika chache kabla.

"Mzee Jaribu," alisema. "Tumeshatoboa?"

"Bado. Hatua sita."

"Basi maji yanakwenda wapi?"

Walipogeuka, hawakuhitaji kutafuta. Upande wa bondeni, kati ya kipande cha kumi na cha kumi na moja, mahali ambapo hapakuwa na tundu asubuhi, maji yalikuwa yakiruka nje ya tuta kama yanayomwagwa kwa ndoo. Hayakuwa meupe. Yalikuwa mekundu, na ndani yake nyuzi za usumba ziliruka makundi makundi. Juu yake, mawe mawili meupe yalizama, bila mlio, yakapotea.

Wanawake waliacha majembe. Mtu mmoja alianza kusoma Yasini kwa sauti.

Mwatum alitazama bonde. Ahmada alikuwa mle mferejini, amebeba mzigo mweupe mkubwa mgongoni, anakwenda kwa hatua fupi za mtu mwenye mzigo wa thamani. Nyuma yake alitembea Bi Mwanawema, amekuja hatimaye, ameshika shuka lisiburute. Walikuwa katikati kabisa. Hatua mia mbili nyuma yao, mia mbili mbele yao. Kuta za mfereji zilikuwa zinawazidi kimo.

Ndipo Pandu alipopiga kelele.

"Nnao!"

Alikuwa amepiga magoti penye mlango wa maji. Alitia mkono ndani ya mkunjo wa kikoi, akatoa kitu, akakiinua juu ili wote wakione. Ufunguo. Haukuwa Wete. Ulikuwa kiunoni mwake siku nzima, alipoziba tundu, aliposimama barazani kwa sheha, bakora ilipozama.

Sauti iliyotoka kwa watu haikuwa neno. Mzee Jaribu alinyanyua jembe akaanza kumwendea. Mwatum alimkamata kanzu.

"Mwache. Baadaye."

Pandu alitia ufunguo kwenye kufuli. Mnyororo ukaanguka. Akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili, na wakati huo tu ndipo alipotazama mfereji chini yake, akaona kilichomo ndani.

Mikono yake ikasimama.

Mwatum aliyapima mambo yote mawili, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akipima. Mlango ukifunguliwa, mzigo utapungua juu ya tuta, na huenda tuta likasimama. Lakini maji ya mlango yanapita mferejini. Mwezi wa Machi yalipofunguliwa kwa nusu tu yalimkumba ndama aliyekomaa, wakamkuta amekufa kwenye mikoko. Mlango usipofunguliwa, mfereji utabaki mkavu. Ahmada anahitaji hatua mia mbili. Tuta likikatika kabla ya hatua hizo, hakutakuwa na mfereji, wala mpunga, wala ngazi.

Jiwe la tatu jeupe lilizama. Kisha la nne na la tano kwa pamoja.

Bondeni, Ahmada alisimama kumweka Moza vizuri mgongoni.

"Nifungue?" Pandu alipiga kelele, na sauti ilimkatika kama ya mtoto. Hakumtazama sheha. Alimtazama mwanamke aliyejaa tope, hatua themanini kutoka kwake. "Bi Mwatum! Nawaona wale! Nifungue, au nisifungue? Sema weye!"